Namba Zote za Mto

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa ndoano amenikabidhi daftari hili kwa mikono miwili, kama mtu anayegawa shamba. "Andika kila kitu," amesema. "Tarehe, saa, hali ya hewa, namba." Namba nitaziandika kurasa za mbele. Huku nyuma ni kwangu.

Sababu ni hii. Wageni wawili waliokuja kuvua trauti mwezi uliopita walirudi kwao wakiharisha. Wote waliteleza kwenye bwawa la chini ya nyumba ya wageni ya chama, wakameza maji. Trauti mwenyewe haumwi na bakteria wa kinyesi, anaogelea humo bila habari. Anayeumwa ni mtu. Mwenyekiti anasema wenye makosa ni ng'ombe wa zile familia nane zinazochunga upande wa juu wa daraja. Mwezi wa tano kuna mkutano wa watumiaji wa mto mbele ya afisa wa maji, na chama kitaomba familia hizo zihamishwe. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Mimi ni mtunza samaki wa chama, huu mwaka wa kumi na moja. Nalisha vifaranga vya trauti, nasugua madimbwi yao, na ni mimi peke yangu niliyepelekwa mafunzo ya kupima maji. Na moja ya hizo familia nane ni ya Mama, ninayeishi naye.

"Najua ni kazi ngumu kwako," amesema Mwenyekiti. "Ndiyo maana nimekuchagua wewe. Ukisema wewe, watu wataamini."

Nimemjibu kwamba nitapima mto wote, juu mpaka chini. Amesema vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimechagua vituo sita. Cha kwanza juu kabisa, kwenye miamba, mto unapotoka msituni. Cha pili chini ya malisho ya kwanza. Cha tatu kivukoni, ng'ombe wanaposhuka kunywa, wa Mama wakiwemo. Cha nne darajani. Cha tano nyuma ya nyumba ya wageni. Cha sita chini zaidi, watu wa bondeni wanapochota maji ya kunywa.

Nachota maji, natia kiasi kilekile kwenye kila kisahani chenye chakula cha bakteria, nakilaza siku nzima kwenye kabati la joto la maabara ya chama, joto la mwili wa mtu. Kila bakteria wa kinyesi aliyekuwemo anazaliana hadi anakuwa kidoa cha buluu. Kesho yake nahesabu vidoa. Kazi inahitaji mikono misafi na uvumilivu. Akili nyingi haihitaji.

Jumatano, 5 Machi

Wiki ya tatu bila mvua. Vidoa: cha kwanza sifuri, cha pili viwili, cha tatu sita, cha nne vitano. Cha tano sabini na kimoja. Cha sita arobaini na vinane.

Mkufunzi wetu alikuwa akisema vikizidi viwili, usimruhusu mwanao kuoga humo. Sabini na kimoja! Nimechafua chupa mimi, hakuna lingine. Narudia.

Ijumaa, 7 Machi

Glavu mpya, chupa zilizochemshwa. Sitini na vinane.

Jumatatu, 10 Machi

Sabini na vitatu. Mtu hukosea mara moja. Mara tatu kwa namna ileile si kosa tena, ni habari.

Jumanne, 11 Machi

Nimetembea ukingoni kuanzia darajani, hatua kwa hatua, mabuti yamejaa maji. Nyuma ya nyumba ya wageni kuna kipande cha majani mabichi kupita kiasi, wakati nyasi zote zimekauka. Chini yake, ndani ya vichaka, nimeona mdomo wa bomba la inchi nne, umekatwa kwa msumeno, ndani una ute wa kijivu. Lilikuwa linatiririka taratibu, kama mtu anayelia bila kutaka asikike. Harufu sihitaji kuieleza.

Kiangazi, mvua haioshi kitu chochote kuingia mtoni. Ukiona kituo kimoja kichafu wakati mto wote umetulia, ujue uchafu unamiminwa hapohapo.

Nimekutana na fundi bomba wetu njiani. Tunamwita Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri, dada. Lile bomba la madimbwi yako nakuja kesho."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza lile la nyuma ya nyumba ya wageni."

Akaangalia koleo yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mabomba yako mengi duniani, dada yangu."

Akaondoka. Mtu wa kesho, leo alikuwa na haraka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemweleza Mwenyekiti habari za kituo cha tano. Amenisikiliza vizuri, hata chai akanimiminia. Akasema, "Binti yangu, usikimbilie kuhukumu. Subiri mvua, tupate picha kamili." Nimeona ana busara. Huyu ndiye aliyenifundisha kumshika kifaranga cha trauti bila kumkwangua magamba. Analijua kila bwawa la mto huu na samaki aliyejificha ndani yake.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna mvua. Kituo cha tano, sabini.

Jumatano, 26 Machi

Mvua! Imeanza saa nane mchana, imepiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Mama amefurahi kama aliyeposwa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya jana na juzi imeyasema yake. Cha kwanza kimoja. Cha pili kumi na vinane. Cha tano mia na themanini, cha sita mia na hamsini.

Cha tatu, kivukoni, chini kidogo tu ya zizi la Mama: mia moja na arobaini.

Nimehesabu mara mbili kwa miwani, mara moja bila miwani. Kisha nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakitazama kile kisahani. Zizi letu limeinamia mto. Nimelifagia tangu nikiwa msichana, nikisukumia uchafu kulekule chini, kwa kuwa ndiko ulikoelekea. Hiyo buluu ni yetu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakamua.

"Ng'ombe wangu?" amesema bila kugeuka.

"Wako na wa majirani. Mvua ikinyesha, zizi lote linashuka mtoni."

"Na kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua ni kidogo. Kabla ya mvua mchafu ni mwingine."

"Nani?"

"Nyumba ya wageni."

Hapo akageuka. "Nyani haoni kundule! Na wewe unamshikia kioo aone la mwenzake?"

"Mama, nasema yote mawili."

"Hapana. Wewe umetumwa na wenye ndoano kuja kuhesabu mavi ya mama yako." Akachukua ndoo yake. "Miaka sabini nakunywa mto huu. Sijafa."

Nilitaka kumwambia kuhusu kaka yangu mdogo, yule aliyekufa kwa kuharisha kabla sijaanza shule. Nikanyamaza. Si kwamba nilimwogopa. Niliona kwenye shingo yake kwamba ameshamkumbuka.

Jumapili, 30 Machi

Mama hajasema nami.

Jumatatu, 31 Machi

Hajasema.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Amesema neno moja: "Chumvi." Nikampa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Kivukoni vidoa mia na thelathini. Kwato zimeukoroga ukingo hadi tope limefunika changarawe ambamo trauti hutaga. Mayai ya samaki yanataka maji yapite kati ya mawe, yapate hewa. Leo hakuna kati wala mawe, ni uji mtupu.

Watu wameshaanza kuniita Bibi Vidoa. Dukani mmoja ameuliza kama nimekuja kumhesabu na yeye. Nimemwambia alete chupa.

Jumatano, 16 Aprili

Mwenyekiti amekuja maabara. Ameangalia namba za mvua kivukoni, akapiga meza kwa furaha. "Ndiyo hii! Mia na arobaini! Hii inatosha."

"Na hizi za kiangazi?" nikamwonyesha. "Sabini, sabini, sabini, bila tone la mvua."

Akavua miwani. "Hizo hazina maana. Mto ulikuwa na maji machache, kila kitu huonekana kikubwa."

"Maji yalikuwa machache kwenye vituo vyote sita, Mwenyekiti. Mbona kimepanda kimoja?"

Akaipangusa miwani kwa shati. Kisha akasema taratibu, wala si kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Watu thelathini wanakula kupitia chama hiki. Wewe mmoja wao. Ikijulikana kwamba choo chetu kinaingia mtoni, mgeni gani atakuja? Karo la choo tutalirekebisha, polepole, kimyakimya. Ng'ombe watahamishwa, na mto utapona. Ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba Mama atahamishwa kwa mavi yenu."

Akachana kurasa za mbele, zote za mwezi wa tatu kabla ya mvua. Akazikunja vizuri, akazitia mfukoni. "Nakuomba usifanye hili kuwa gumu."

Kwa miaka kumi na moja nimemwita mtu mwema. Bado nadhani ni mwema. Leo nimejifunza kwamba mtu mwema akiogopa aibu, mkono wake unachana karatasi kama wa mtu mwingine yeyote.

Hakujua kwamba zote nimezinakili huku nyuma.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimechukua ubao mweusi wa zamani uliokuwa stoo, nimeufunga kwa waya kwenye nguzo ya daraja. Nimeandika kwa chaki namba zote. Kushoto za kiangazi, kulia za mvua. Kivuko cha Mama kimo. Nyumba ya wageni imo. Juu nimeandika: MTO UNASEMA HIVI.

Ijumaa, 18 Aprili

Ubao umefutwa. Nimeandika upya.

Jumamosi, 19 Aprili

Umefutwa. Nimeandika upya, herufi kubwa zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Ubao wenyewe umeondolewa. Nimeandika kwenye ukuta wa daraja. Hebu waubebe huo.

Jumanne, 22 Aprili

Kufuli mpya kwenye mlango wa maabara. Katibu wa chama amenipa barua ya mistari mitatu: huduma zangu hazihitajiki. Macho yake hakuyainua. Nimemwomba kitu kimoja, kwamba asilishe vifaranga zaidi ya mara tatu kwa siku mvua ikichafua maji. Amesema ataandika. Nimemwambia asiandike, alishe.

Jirani mmoja mfugaji, aliyekuwa akinitukana wiki iliyopita kwa ajili ya kivuko, leo ameniambia, "Umeona sasa? Umekosa huku na huku."

"Sijakosa," nimemjibu. "Nimesema huku na huku."

Nimetembea hadi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo. Chumbani nimelia kidogo, kama robo saa. Kisha nikaosha uso.

Jumatano, 23 Aprili

Nimewaza hivi. Atakachosema Mwenyekiti mkutanoni ni kwamba namba za ukutani kila mtu anaweza kuziandika. Nahitaji kupima upya, siku kavu, mbele ya mashahidi. Pakiti moja ya visahani ninayo, niliiweka kwenye friji ya maziwa ya Mama, maana ya kazini umeme ulikuwa ukikatika. Ninachokosa ni joto la mwili wa mtu, siku nzima, lisiloyumba.

Na chombo chenye joto hilo kimo humu ndani. Kimekaa kwenye kona ya jiko na kinanguruma siku zote: kiangulio cha mayai ya kuku cha Mama.

Nimemkuta anachambua mchele.

"Mama, nakuomba kiangulio."

"Cha nini?"

"Kupimia maji."

Akaacha kuchambua. "Unataka uweke mavi ya ng'ombe wangu pamoja na mayai yangu?"

"Visahani vinafungwa, vinaingia ndani ya kopo, kopo linafungwa. Nikimaliza navichovya kwenye dawa ya klorini. Na si ya ng'ombe wako tu. Ya nyumba ya wageni pia."

"Ya Mwenyekiti?"

"Yake na wageni wake."

Akachambua punje moja ya mchele, mbili, tatu. "Wamekufukuza kwa sababu ya ukuta?"

"Kwa sababu niliandika yote."

"Na yangu uliandika?"

"Yako ya kwanza."

Akaguna. Sikujua ni guno la namna gani. "Mayai yamebakiza siku kumi na mbili," amesema. "Vifaranga wangu hawalali na mavi ya mtu, hata awe Mwenyekiti. Wakishatoka, chukua."

Siku kumi na mbili ni tarehe tano. Mkutano ni tarehe kumi. Nimebusu mkono wake, akaupangusa kwenye sketi.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimeandika ukutani upya, maana mvua nayo hufuta.

Alhamisi, 1 Mei

Fundi Kesho amekuja nyumbani bila kuitwa. Amesimama mlangoni akikunjakunja kofia.

"Lile bomba nililifukia mimi," amesema. "Miaka sita iliyopita. Karo lilikuwa limejaa, wageni wanakuja Ijumaa, Mwenyekiti akasema toboa kando, tuelekeze mtoni, tutarekebisha baadaye. Baadaye haijafika."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Dada yangu anaishi bondeni. Anachota pale kituo chako cha sita." Akavaa kofia, akaivua tena. "Mtoto wake amelazwa tangu juzi. Nilipita pale darajani nikasoma ukuta. Arobaini na vinane. Nikasema, mimi ndiye niliyeiandika hii, kwa koleo."

Nimemwambia akae. Mama amemletea chai bila kuulizwa na bila kumwangalia.

Jumatatu, 5 Mei

Vifaranga thelathini na wanane kati ya mayai arobaini. Mama amekisugua kiangulio kwa sabuni, akakikausha kwa nguo safi, akasema, "Haya."

Na mvua imekatika tangu Jumamosi!

Jumatano, 7 Mei

Jana tulichota pamoja: mimi, Mama, Kesho, na majirani wawili wafugaji ambao walikuja kuhakikisha siwasingizii. Kila chupa wameitia sahihi. Mama ametia dole gumba kwenye ile ya kituo cha tatu, akasema sahihi yake ndiyo hiyo na haijawahi kughushiwa.

Leo asubuhi tumefungua kopo. Nimewaachia wahesabu wenyewe. Kivukoni, siku ya tatu bila mvua: tisa. Nyuma ya nyumba ya wageni: sabini na vinne. Jirani aliyesema nimekosa huku na huku amehesabu kwa ncha ya kisu, kidoa kimoja kimoja, midomo ikitembea. Alipofika sitini akakaa chini.

Mama ameangalia kisahani cha kivukoni muda mrefu. "Hizi tisa," ameuliza, "hata bila mvua ni zangu?"

"Wakishuka kunywa wananyea humohumo."

"Kumbe," amesema. Basi.

Alhamisi, 8 Mei

Kesho alikuwa na kazi ya bomba la sinki pale nyumba ya wageni. Amekwenda leo, na mke wake anasema hiyo peke yake ni ajabu. Mfukoni alikuwa na ile rangi ya kijani isiyodhuru ambayo mafundi hutumia kutafuta bomba linalovuja. Saa tatu asubuhi ameimwaga chooni, akavuta maji mara tano.

Mama aliketi ukingoni tangu saa mbili, juu ya kigoda, fimbo mapajani, akilitazama lile bomba kama paka anayetazama shimo la panya. Nilimwomba aende kula. Akasema njaa haijawahi kumfanya asione.

Saa tano na dakika kumi akaita. Sikuwahi kumsikia akiita hivyo. Maji yaliyotoka bombani yalikuwa kijani kama shati la mgambo. Yalishuka kwenye mawe, yakaingia bwawani walipotelezea wale wageni, yakageuka mkia mrefu unaoelekea bondeni. Mama akajaza chupa ya maziwa, akaifunga.

Jumamosi, 10 Mei

Mkutano. Naandika yote, mkono ukiuma.

Ulifanyika kwenye ukumbi wa chama, viti vya mbele vya wanachama, wafugaji nyuma wamesimama. Afisa wa maji ni mwanamke mfupi, alikuwa na mabuti yenye tope, na hapo nikapata matumaini. Mwenyekiti alisoma namba za mvua. Mia na arobaini, mia na thelathini. Alizisoma kwa sauti nzuri, na zote zilikuwa za kweli. Ndiyo hatari ya nusu ya ukweli, haina mahali pa kuishika useme huu ni uongo. Akamaliza: familia nane zihamishwe.

Niliinua mkono. Akasema mimi si mfanyakazi wa chama tena. Afisa akasema, "Huu ni mkutano wa watumiaji wa mto. Wewe hutumii mto?"

"Nautumia tangu nizaliwe."

"Sema."

Nilisoma zote. Vituo sita, kiangazi na mvua, za kwanza na za marudio, na majina ya waliotia sahihi chupa. Nikasoma kivuko cha Mama kwa sauti ileile niliyosomea nyumba ya wageni. Nyuma kulikuwa na minong'ono.

Mwenyekiti akasema, "Zimepimwa wapi? Kwenye mashine ya vifaranga!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ni kweli.

Ndipo Mama akaja mbele na kigoda chake. Hakukikalia, alisimama juu yake, kwa kuwa ni mfupi.

"Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo," alisema. "Mimi ni mama yake huyu. Ng'ombe wangu wanne wananyea mtoni. Nilikataa mwezi mzima, nikamnyima mwanangu hata salamu. Halafu nikaona kwa macho yangu, buluu, tisa siku kavu, mia na arobaini siku ya mvua. Nimezaa watoto wanne, nimemzika mmoja kwa tumbo la kuharisha, na nilikuwa nasema ni mapenzi ya Mungu tu. Sasa sijui nimsingizie Mungu mpaka lini. Mimi nimehesabiwa. Nitajenga ua. Sasa na wewe, Mwenyekiti, uhesabiwe." Akaiweka ile chupa ya kijani juu ya meza yake, juu ya karatasi zake.

"Rangi mtu anaweza kutia hata kwenye chupa," Mwenyekiti alisema, lakini sauti nzuri ilikuwa imemwishia.

Kesho alisimama mlangoni. "Hatua tisa kutoka kona ya jiko la wageni, kuelekea mtoni, kina cha goti. Nililifukia mimi. Leteni jembe."

"Lini?" mtu akadakia kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka tena, kwa kuwa tunamjua.

"Sasa hivi," akasema.

Afisa wa maji akainuka. Tukatoka wote. Kesho alihesabu hatua tisa, akachimba mwenyewe, shati jeupe la mkutano likaharibika. Pigo la sita la jembe liligonga plastiki. Hakuna aliyeshangilia. Harufu ilijitokeza yenyewe ikajieleza.

Afisa ameamua hivi: bomba lizibwe leo leo, nyumba ya wageni ifungwe hadi karo jipya lichimbwe mbali na mto, na bondeni kila nyumba ichemshe maji. Hakuna familia itakayohamishwa, ila kila familia iwazuie ng'ombe wasishuke mtoni, iwe na hori la maji juu, na zizi liwe na mtaro usioelekea mtoni. Wiki tatu.

Mwenyekiti alibaki amesimama kando ya shimo. Nilipita karibu naye. Alisema, "Ningelirekebisha." Nadhani alikuwa anasema kweli. Nilimjibu, "Najua. Baadaye."

Jumanne, 13 Mei

Tumekwaruzwa na seng'enge mimi na Mama, mikono kama tuliopigana na chui. Ua umekwenda hatua mia na ishirini. Hori linapata maji kwa bomba alilolifunga Kesho, naye amefika siku aliyosema. Wanamtafutia jina jipya.

Ijumaa, 16 Mei

Mtoto wa bondeni ametoka hospitali. Anatembea.

Jumatatu, 19 Mei

Mafuriko. Mto umepanda hadi nguzo za ua, umezing'oa kama mtu anayepalilia. Seng'enge yetu imeviringika chini ya daraja na matawi na godoro la mtu. Ng'ombe wamerudi kivukoni kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Jirani mmoja amesema mto wenyewe umekataa ua, tuache.

Mama amesimama kwenye tope hadi magotini, sketi imefungwa kiunoni. "Mto haujakataa ua," amesema. "Umekataa ua wa karibu. Rudi nyuma hatua kumi, uache majani yaote hapo katikati." Ana miaka sabini na ushee na hakuna mkufunzi aliyemweleza kwamba ukanda wa majani huchuja uchafu kabla haujafika mtoni. Nilimwangalia, nikaona ni wapi nilipopata ukaidi wangu, na kwamba sikuupata wote.

Alhamisi, 22 Mei

Ua wa pili. Leo wamekuja familia sita kati ya nane.

Jumamosi, 24 Mei

Familia nane.

Jumanne, 27 Mei

Mvua kubwa jana, ile ya kupiga mabati. Nimechota asubuhi kwenye vituo vyote.

Jumatano, 28 Mei

Kivukoni: ishirini na vitatu. Nyuma ya nyumba ya wageni: ishirini na vitano. Kituo cha sita: kumi na tisa.

Bado ni vichafu. Ishirini na vitatu si maji ya kumpa mtoto. Lakini mwezi wa tatu mvua kama hii ilileta mia na arobaini. Nimeandika ukutani, na sasa hakuna anayefuta. Wanasimama, wanasoma, wanabishana.

Jumatatu, 2 Juni

Katibu wa chama ameleta barua. Wananirudisha kazini, cheo kipya, msimamizi wa maji. Sharti moja: namba zote zipite kwanza kwa Mwenyekiti kabla ya kutolewa popote.

Nimejibu nyuma ya barua hiyohiyo, katibu akisubiri: "Vifaranga nitawalisha. Madimbwi nitayasugua. Namba zinapita kwanza darajani. Mkikubali, nitakuja Jumatatu." Amesoma, ametabasamu kidogo, ameikunja.

Alipokuwa anatoka, waliingia wanawake wawili nisiowajua, vumbi hadi vifundoni. Wametembea tangu alfajiri kutoka mto mwingine, ng'ambo ya kilima. Wana kiwanda cha ngozi juu yao, na kila mtu anawaambia maji ni mazuri. Mmoja amenipa chupa ya soda yenye maji ya mto wao.

Nimeyamwaga mlangoni. Wakastuka.

"Chupa hii si safi, itatudanganya," nimewaambia. "Na maji ya kiwanda yana mambo ambayo visahani vyangu haviyaoni, tutamhitaji afisa. Lakini tuanze na tunachoweza kuona. Niambieni, mto wenu unaanzia wapi?"

Mama alikuwa ameshaanza kuwawekea chai. Nikavaa mabuti.